Unauza kwa simu Mwanza? Hivi ndivyo unavyojiweka sawa na sheria

Watu wengi Mwanza wana duka ambalo ni simu tu. Dada wa Igoma anaweka vitenge status asubuhi, jioni ameshafunga mizigo ya Geita. Kijana anayesoma Malimbe anauza viatu Instagram kati ya kipindi na kipindi. Mama wa Mwaloni pale Kirumba anapokea oda za dagaa kutoka Dodoma na Dar es Salaam kwa wateja ambao hajawahi kuwaona. Ukiwauliza kuhusu leseni, jibu ni moja: mimi sina fremu, nauza mtandaoni.

Kukosa fremu hakukutoi kwenye sheria. Ukinunua kitu ili ukiuze upate faida, unafanya biashara, iwe umekaa Makoroboi na meza au umekaa kitandani na bando. Tangu 2015 Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ambayo inayapa makubaliano ya kwenye simu nguvu ileile ya makubaliano ya kwenye karatasi. Nakuandikia haya kwa sababu nawaona wauzaji wazuri wakipoteza mzigo na wanunuzi wakipoteza hela, wakati sheria ya kuwalinda ipo na hawajui waishike wapi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu nyingi zinahitaji ile iliyotangulia.

Hatua ya 1: Jua bidhaa yako iko chini ya nani

Kabla ya jina na kabla ya ukurasa, jiulize unauza nini. Nguo na vyombo vya nyumbani havina mambo mengi. Chakula, vipodozi, dawa na samaki kila kimoja kina mamlaka yake.

Chakula cha kufungasha na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kama unasaga karanga, unafunga dagaa wa kukaanga kwenye pakiti au unatengeneza sabuni, pitia kwanza SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo. Mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO amewekewa utaratibu wa kupata alama ya ubora ya TBS bila kulipia kwa miaka 3 ya mwanzo. Ni msaada mkubwa, na inasikitisha kuona watu wanalipia kubuni lebo za kupendeza huku hawajagusa nafasi hiyo.

Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vidonge vya kupunguza tumbo, sindano za kung'arisha ngozi, dawa za nguvu za kiume zisizosajiliwa: achana navyo kabisa, hata kama mwenzako anaviuza kila siku na hajaguswa. Vivyo hivyo krimu zenye zebaki au haidrokwinoni. Zimepigwa marufuku kwa sababu zinadhuru figo na ngozi za watu, na anayezinunua kwako ni dada au jirani wa mtu.

Samaki wana sheria yao, Sheria ya Uvuvi ya 2003. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Ukipiga picha ya samaki wachanga ukaiweka ukurasani, umejitolea ushahidi mwenyewe. Unahitaji leseni ya biashara ya mazao ya uvuvi, na mzigo unapotoka Mwanza uwe na kibali cha kusafirisha kutoka kwa ofisa uvuvi. Usimwachie dereva wa basi jambo hili. Mzigo ukikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, anayepoteza ni wewe.

Kuna pia jezi. Ukiandika "orijino" kwenye jezi ya Simba, Yanga au Pamba Jiji uliyoitoa kwa mtu anayechapa mtaani, umevunja sheria mara mbili: umeuza bidhaa bandia, na umemdanganya mlaji. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza.

Hatua ya 2: Sajili jina BRELA

Ukiuza kwa majina yako kamili kama yalivyo, husajili jina la biashara. Ukiongeza chochote, mfano "Neema Collection" au "Ziwa Fresh Dagaa", sheria inataka jina hilo lisajiliwe BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Usajili unafanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ukiwa na namba ya NIDA. Kwa mtu mmoja anayeanza, jina la biashara linatosha. Kampuni ina mahesabu na taarifa za kila mwaka zinazomchosha mtu ambaye bado anafungia mizigo sebuleni.

Wengi wanapokwama ni hapa: kusajili jina la biashara hakukupi umiliki wa chapa. Anayetaka kumzuia mwingine asitumie nembo yake anapaswa kusajili alama ya biashara, ambayo nayo inasajiliwa BRELA lakini kwa maombi tofauti. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukiona ukurasa wako umeanza kuvuta watu, lifanye hili mapema kabla mwingine hajakuwahi.

Hatua ya 3: TIN na kodi

TIN, yaani namba ya mlipa kodi, haina malipo. Unaiomba kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato, TRA, au unafika ofisini kwao. Hakikisha ni TIN ya biashara. Ile uliyopewa wakati wa kutafuta leseni ya udereva inabidi ibadilishwe matumizi.

Kodi ya mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka inakadiriwa kwa mauzo ghafi, yaani hela yote iliyoingia kabla hujatoa mtaji, nauli na bando. Ambaye mauzo yake hayafiki milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwenye utaratibu huo. Lakini piga hesabu: milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi elfu 11 kwa siku. Muuzaji wa vitenge anayejiona mdogo sana anaweza kuwa ameuvuka mstari huo mwezi wa nne bila kujua.

Anayetunza kumbukumbu za mauzo hukadiriwa kwa alichouza kweli. Asiyetunza hupewa kiwango cha jumla, na mara nyingi ndiye anayeumia. Daftari la kaunta linatosha: tarehe, bidhaa, kiasi, jina la mteja. Jedwali la viwango linaweza kubadilika kila Julai, Sheria ya Fedha inapoanza kutumika, kwa hiyo ulizia la mwaka huo. Malipo hugawanywa mara nne kwa mwaka. Kwa anayehesabu Januari hadi Desemba, tarehe za mwisho ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka, yaani kama elfu 30 kwa siku, unaingia kwenye wajibu wa risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni habari ya wakubwa: kujisajili ni lazima mauzo yakizidi milioni 200 kwa mwaka.

Na ukiacha biashara, nenda ukaifunge rasmi TRA. Usipofunga, makadirio yanaendelea kuhesabiwa, na unakuja kulijua deni siku unapotaka TIN itumike kwa jambo lingine.

Hatua ya 4: Leseni ya biashara

Leseni za biashara ndogo na za kati hutolewa na halmashauri. Kwa Mwanza mjini angalia upo upande gani. Igoma, Nyegezi, Buhongwa na Malimbe ni Jiji la Mwanza. Kirumba, Pasiansi, Buzuruga na Buswelu ni Manispaa ya Ilemela. Maombi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Tausi, ukiwa na namba ya NIDA, TIN na uthibitisho wa kodi kutoka TRA. Leseni inadumu miezi 12.

Swali la wauzaji wa mtandaoni ni eneo: nitajaza wapi, na mimi nauzia nyumbani? Nenda kwa ofisa biashara wa halmashauri ueleze ukweli, kwamba stoo ni chumba cha nyumbani na wateja hawaji. Kuandika fremu ya rafiki ambayo hukai ni kujitengenezea shida, kwa kuwa siku ya ukaguzi rafiki huyo ndiye atakayeulizwa. Kama mtaji wako bado ni mdogo sana, ulizia kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo kabla ya kwenda kwenye leseni kamili.

Leseni ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, inawatia watu hofu bure. Kanuni zake zinalenga hasa wanaotoa habari na matukio. Kuweka picha za bidhaa zako na bei hakukufanyi kuwa chombo cha habari.

Hatua ya 5: Laini na namba ya malipo

Laini ya biashara iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Piga *106# uone namba zilizo chini ya jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma iondolewe, maana anayeitumia akitapeli mtu kwa namba hiyo, polisi wataanza kwako.

Chukua lipa namba, na itumie kwa mauzo peke yake. Ukipitishia humo michango ya harusi, marejesho ya kikoba na hela aliyotuma shemeji, siku ya kukadiriwa kodi kila shilingi itaonekana kama mauzo na huna pa kuitenganishia. Mzigo usitoke kwa sababu mteja ametuma picha ya muamala. Utoke ukishaona hela kwenye salio lako.

Hatua ya 6: Ukurasa wako useme ukweli wote

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa jina na mawasiliano, aeleze bidhaa ilivyo, na ampe mnunuzi nafasi ya kupitia oda, kurekebisha makosa au kujitoa kabla ya kuithibitisha. Sasa tazama kurasa nyingi za hapa kwetu: hakuna jina la mtu, hakuna mtaa, na chini ya kila picha imeandikwa "bei njoo DM". Mteja anatajiwa bei kulingana na picha yake ya wasifu inavyoonekana. Tabia hii inaua imani ya watu kwa wauzaji wote wa mtandaoni, wakiwemo waaminifu.

Andika bei. Iandike kwa shilingi: tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, hata kama kompyuta hiyo umeiagiza Dubai kwa dola. Taja gharama ya usafiri mapema. Taja kama mzigo upo mkononi au ni wa kuagiza, na ukiagizwa utachukua muda gani. Picha ziwe za mzigo wako. Kuchukua picha ya muuzaji mwingine ni kuvunja hakimiliki yake, na mteja akipokea kitu tofauti na alichokiona, lawama ya kudanganya inakuwa yako.

Hatua ya 7: Fanya kila oda iwe mkataba

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili. Mkataba hauhitaji muhuri wa wakili. Unahitaji pendekezo lililo wazi, kukubaliwa, na malipo. Ujumbe wa WhatsApp unabeba vyote vitatu, ila ule wa kuongea vipandevipande ("poa", "sawa mpz", "ile ya bluu") unaweza kukuangusha mbele ya hakimu. Mkishaelewana, kabla ya kupokea hela, tuma ujumbe mmoja unaokusanya yote. Mfano:

"Habari dada. Oda yako ni hii: dagaa wa kukaanga kilo 5, kila kilo 14,000, jumla 70,000. Nauli ya basi hadi Dodoma 6,000, unalipa wewe. Jumla kuu 76,000. Nitatuma kesho asubuhi kutoka stendi ya Nyegezi. Ukifungua ukakuta wameharibika au wamepungua, nitumie picha siku hiyohiyo ya kupokea, nitakurudishia hela au kukutumia wengine. Ukikubali jibu NIMEKUBALI, kisha lipa kwenye lipa namba hii, jina litasoma hivi."

Ujumbe huo umetaja bidhaa, kiasi, bei, nani analipa nauli, siku ya kutuma na njia ya kurudisha. Neno "nimekubali" linafunga makubaliano. Uhifadhi kwenye simu uwe unabadilisha tarakimu tu.

Sera ya kurudisha ndiyo inayozua ugomvi mwingi. Tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" halikuokoi kama ulichotuma sicho kilichoagizwa. Sheria ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Mteja aliyebadili mawazo tu ni suala jingine, kwa hiyo andikianeni masharti yake mapema.

Ukituma kwa basi, au kwa meli kwenda Bukoba, dai risiti ya mzigo, ipige picha na umtumie mteja papo hapo. Anayefanya kazi ya kusafirisha vifurushi vya watu anatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, kwa hiyo pendelea ofisi inayokupa stakabadhi kuliko kumkabidhi kondakta mkononi. Kwenye stakabadhi iandikwe kilichomo na thamani yake. Bila hivyo, kifurushi cha laki tatu kikipotea utalipwa kama bahasha.

Anayeuza ng'ambo ya mpaka, kupitia Sirari au Mutukula, aulizie utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na cheti cha afya kwa samaki na dagaa.

Hatua ya 8: Taarifa za wateja si tangazo

Fungua kurasa za wauzaji jioni moja. Utakuta picha za vifurushi vimepangwa, kalamu nyeusi imeandika juu: jina kamili, namba ya simu, mji. Chini yake: "Mizigo ya leo imeondoka, asanteni wateja wangu." Pembeni kuna picha za miamala yenye majina na kiasi. Muuzaji anataka kuaminiwa, namwelewa. Lakini ametangaza kwa mji mzima namba za wanawake waliomwamini. Matapeli wanazisoma picha hizo: wanampigia mteja wakijua amenunua nini na kwa nani, wanamwambia mzigo umekwama, atume hela ya kuukomboa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, akusanye anazozihitaji tu, azitumie kwa kazi aliyozichukulia, na azitunze salama. Kwa muuzaji wa kawaida maana yake ni hii: ziba majina na namba kabla ya kuweka picha. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kurusha picha ya mteja amevaa gauni lako. Usimuuzie wala kumgawia mtu orodha yako ya namba. Usimuingize mteja kwenye kundi la matangazo kwa sababu tu alinunua mara moja. Muulize, na akisema mtoe, mtoe siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Mdaiwa hapokei simu. Hasira inakutuma urushe picha yake na maneno "tapeli huyu, jihadharini naye". Usifanye hivyo, hata kama unadai haki yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia kuwa ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Deni la elfu 80 linaweza kukugeuza wewe uliyedhulumiwa kuwa mshitakiwa, na yeye akawa mlalamikaji.

Andika ujumbe mmoja wa heshima: unachodai, tangu lini, na siku ya mwisho ya kulipa. Kama ni utapeli wa wazi, mpigie mtoa huduma wa simu mara moja umwombe azuie hela, namba ya tapeli itume kwenda 15040, kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha. Kama ni deni la kawaida, polisi si wakusanya madeni. Anzia kwa mtendaji wa kata mkapatane, na ikishindikana fungua madai Mahakama ya Mwanzo.

Mahakama inapokea ushahidi wa kielektroniki, lakini huangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama haujachezewa, na jinsi mtumaji anavyotambuliwa. Kwa hiyo usifute mazungumzo na usiiuze simu hiyo. Chapisha mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, si vipande vinavyokufaa wewe, namba ya mwenzako na tarehe zionekane. Omba taarifa ya miamala kwa mtoa huduma, yenye muhuri. Beba stakabadhi ya basi, daftari la mauzo, na simu yenyewe ikiwa na chaji.